Msiba Usio na Jamvi: Kwa Nini Klipu za Maafa ya Mbali Zinatuvuruga

Watu wawili wamekaa benchi moja kwenye kijiwe cha kahawa Ngamiani, hapa Tanga, simu moja katikati yao. Wanatazama klipu ya mto wa tope unaobeba nyumba na magari. Mmoja macho yanamlenga machozi, anageuza uso. Mwenzake anatafuna kashata na kuuliza hiyo ni nchi gani. Anayewatazama kwa pembeni ameshahukumu: wa kwanza ana moyo, wa pili ana roho ngumu. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Machozi mbele ya kioo cha simu hutokana na mambo kadhaa yaliyosukwa pamoja, na mengine hayahusiani kabisa na wema wa mtu.

Mwili ndio unaotangulia. Jicho likiona jengo linaporomoka, mwili hausubiri kuambiwa kwamba jengo hilo liko kilomita elfu sita kutoka hapa. Moyo unaenda mbio, tumbo linabana, viganja vinatoka jasho. Sehemu za ubongo zinazoshughulika na hatari zilikuwapo muda mrefu kabla ya kamera, na kwazo kinachoonekana ndicho kilichopo. Akili inakuja nyuma kusema "hiyo ni simu tu", na ikifika inakuta mwili umeshashtuka. Huo ni mshtuko, bado hatujafika kwenye huruma. Mtu anaweza kushtuka hivyohivyo kwa sinema ya uongo.

Baada ya mshtuko kuna kuumia kwa maumivu ya mwingine, na hili limepimwa. Mwaka 2004 mtafiti Tania Singer na wenzake mjini London waliwalaza wanawake 16 kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo, kila mmoja mpenzi wake yuko kando yake. Mkono wa mwanamke ulipopigwa shoti fupi ya umeme, sehemu za ubongo wake zinazohusika na maumivu ziliamka. Ulipopigwa mkono wa mpenzi wake, baadhi ya sehemu zilezile ziliamka tena: zile zinazobeba uchungu wa maumivu. Zile zinazoeleza ni wapi kwenye ngozi panapouma zilitulia. Kwa hiyo anayesema "nimeumia kama ni mimi" hatii chumvi sana. Uchungu ameupata, jeraha ndilo hana.

Uchungu huo una njia mbili, na hapa ndipo wengi tunapochanganya mambo. Njia moja inamrudisha mtu kwake mwenyewe: anateseka, anataka mateso yake yaishe. Nyingine inamwelekeza kwa yule anayezama. Mwanasaikolojia wa Marekani Daniel Batson alitumia miaka mingi kuzitenganisha. Katika majaribio yake watu walimwona mwanamke akipigwa shoti, kisha wakapewa nafasi ya kuchukua nafasi yake. Waliolemewa na fadhaa yao wenyewe walijitolea zaidi pale walipobanwa wabaki kutazama. Wakiruhusiwa kuondoka, wengi waliondoka. Waliojawa na kumjali yule mwanamke walijitolea hata pale ambapo hakuna aliyewazuia kwenda zao.

Sasa ifikirie simu. Hakuna anayekubana uendelee kutazama. Kidole kinapanda juu mara moja, mafuriko yametoweka, na badala yake kuna mtu anapika pilau. Ndiyo maana aliyelia sana saa nne asubuhi anaweza kuwa amesahau saa nne na dakika tano, na hatukosei tukisema machozi yale yalikuwa ya kweli. Yalikuwa ya kweli, ila yalikuwa juu yake mwenyewe zaidi kuliko juu ya waliofikwa.

Singer mwenyewe, akiwa na mtafiti Olga Klimecki, baadaye walichukua klipu za watu wanaoteseka wakawaonyesha washiriki wao. Kwanza waliwafundisha kuyabeba maumivu ya wanaowaona: wakawa hali mbaya zaidi. Kisha wakawafundisha kuwatakia kheri wale watu, kwa makusudi na kwa utulivu, na hisia njema zikarudi ingawa klipu hazikuwa zimepungua uchungu. Ubongo nao ulitumia njia nyingine. Mimi naliona hili ni jambo kubwa kuliko yote yaliyoandikwa hapa, maana linasema kuumia na kujali ni vitu viwili, na kwamba cha pili kinafundishika.

Lakini maabara haielezi kwa nini klipu moja inamgusa huyu na kumpita yule. Hapo inabidi kuangalia mtu anajua nini.

Niliwahi kukaa na kundi la vijana waliokuwa wakitazama klipu ya zamani ya tsunami ya 2004. Ufukwe mweupe, bahari imerudi nyuma, watu wanatembea juu ya mchanga mtupu na miamba iliyoachwa wazi. Wengine wameinama wanaokota vitu. Vijana walikuwa wakisubiri wimbi. Mzee mmoja aliyekuwa baharia wa mashua tangu ujana wake alichungulia mara moja, akasimama.

"Funga hiyo, mwanangu."

"Babu, wimbi bado halijafika."

"Limeshafika. Maji yale hayakutoka kwa bamvua. Wale wameshakufa, ila hawajui."

Kwa vijana, maafa yalikuwa yanaanza maji yatakaporudi. Kwa mzee yalianza maji yalipoondoka. Ameishi na bamvua, kule kupwa na kujaa kukubwa kwa bahari: anajua bahari ya Sahare inapwa kwa saa sita, polepole, mpaka ngalawa zinalala ubavu juu ya matope. Bahari inayotoka kwa dakika chache ilikuwa kwake habari nzima, haikuhitaji sehemu ya pili. Tungempima kwa sura tungesema ana moyo laini kuliko vijana wale. Nadhani alikuwa anasoma maandishi ambayo wao walikuwa hawajafundishwa.

Na maji yale hayakuwa ya mbali kama tunavyopenda kudhani. Tetemeko lililoyasukuma, la nguvu ya 9.1, lilitokea karibu na Sumatra tarehe 26 Desemba 2004, kwetu ikiwa karibu saa 10 alfajiri. Mawimbi yakaikata Bahari ya Hindi yote na kuifikia pwani ya Afrika Mashariki mchana wa siku ileile. Waliokufa katika nchi zote walizidi 220,000. Somalia ilipoteza watu karibu 300. Tanzania walikufa wapatao kumi, baadhi yao wakiwa wameenda tu kuogelea siku ya sikukuu. Kenya, ambako watu waliondolewa ufukweni mapema, alikufa mmoja. Mtu wa Tanga anayeitazama klipu ya Aceh, kule Sumatra, anatazama bahari inayogusa mlango wake. Hata mwaka 2024, kimbunga Hidaya kilipotangazwa mwezi Mei na boti za Unguja zikasimamishwa, watu walizungumzia klipu za vimbunga vya kwingine kana kwamba ni ratiba ya kesho. Hofu ya aina hiyo huvaa nguo za huruma, na si dhambi, ila inafaa kuijua.

Kuna jambo la tatu ambalo halimo mwilini mwetu wala kwenye kumbukumbu zetu: kamera ilisimama wapi.

Tarehe 28 Machi 2025 tetemeko la 7.7 liliipiga Myanmar, karibu na mji wa Mandalay. Umbali wa kilomita kama elfu moja, mjini Bangkok, jengo la ghorofa zaidi ya 30 lililokuwa likijengwa likaporomoka mchana kweupe mbele ya simu za wapita njia. Mabwawa ya kuogelea yaliyo juu ya maghorofa yakamwaga maji kama sinia lililoinamishwa. Klipu hizo zilifika Tanga kabla ya magharibi. Katika jengo lile walikufa watu takriban 90. Myanmar kwenyewe walikufa zaidi ya 3,000, na klipu zilikuwa haba, kwa sababu nchi iko vitani na jeshi linaibana intaneti. Jirani yangu aliniuliza habari za Bangkok wiki nzima. Sagaing, mji ulioteketea hasa, hakuulizia, wala mimi sikuutaja mpaka niliposoma kwenye magazeti.

Wachumi wa Sweden Thomas Eisensee na David Strömberg walilichunguza hili kwa taarifa za habari za televisheni za Marekani, wakipitia maafa yapatayo 5,000 ya kati ya 1968 na 2002. Walikuta kwamba ili janga la njaa lipate nafasi sawa na mlipuko wa volkano, kwa kila mtu mmoja aliyeuawa na volkano lazima njaa iue karibu 40,000. Na maafa ya Afrika yalihitaji vifo zaidi ya mara 40 ya vile vya Ulaya Mashariki ili yatangazwe sawa. Sababu ya njaa kushindwa ni rahisi kuiona: njaa haina dakika ya kuporomoka. Huwezi kuirekodi ikitokea. Volkano inajirekodisha yenyewe.

Sisi tunakula kutoka sinia hilohilo la picha. Februari 2023 Uturuki na Syria zilipigwa na tetemeko lililoua zaidi ya watu 50,000, na picha ya baba aliyeketi juu ya kifusi akiushika mkono wa binti yake aliyekufa, mkono pekee ukiwa nje, ilizunguka dunia. Mwezi uliofuata kimbunga Freddy kikaiangukia Malawi, jirani yetu tunayepakana naye, kikaua mamia ya watu na mamia wengine wasionekane tena. Katika magrupu ya WhatsApp niliyomo, baba wa Uturuki alipita mara nyingi kiasi cha kuchosha. Blantyre ya Malawi ilipita mara moja, kama taarifa ya hali ya hewa.

Mkono mmoja unashinda kijiji kizima, na hili nalo limepimwa, kwa fedha. Mwaka 2007 Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic walichapisha jaribio ambalo watu walipewa dola tano, wakaombwa wachangie walioshikwa na njaa Afrika. Walioonyeshwa msichana mmoja wa Mali aitwaye Rokia, mwenye miaka saba, walitoa wastani wa dola 2.38. Walioonyeshwa takwimu za mamilioni walitoa 1.14. Walioonyeshwa Rokia pamoja na takwimu, ambao mtu angetegemea watoe zaidi ya wote, walitoa 1.43. Takwimu haikumwongezea Rokia nguvu, ilimpokonya.

Ukitaka kuona nguvu ya picha kwa kinyume chake, usiende mbali. Aprili 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu ya Unguja, kikazamisha vyombo bandarini na kubomoa majengo ya misheni pale Bagamoyo. Ni pwani yetu, ni watu wetu, na hakuna anayetokwa na chozi, kwa kuwa hakuna cha kutazama.

Hadi hapa nimezungumza kama vile tatizo ni kuhisi kidogo au kuhisi vibaya. Kwa watu wa pwani nadhani tatizo kubwa liko kwingine: klipu inatupeleka msibani na kutunyima kazi.

Kwetu msiba una kazi. Akifa mtu Chumbageni au Makorora, jirani anajua pa kushika. Kuna wanaokwenda kuchimba kaburi, kuna anayetafuta sanda na ubani, kuna wanaokoka moto na kuchambua mchele, kuna mwenye daftari la rambirambi anayeandika majina na kiasi. Asiye na la kushika anakaa jamvini, na kule kukaa kwenyewe kunahesabiwa. Siku ya tatu matanga yanaanuliwa, watu wanarudi majumbani wakiwa wamechoka, na uchovu ule ndio unaobeba sehemu kubwa ya huzuni. Mtoto wa kwetu anajifunza tangu mdogo kwamba ukiona kifo, unanyanyuka kwenda.

Klipu inakuonyesha maiti wangapi sijui kabla ya chai ya asubuhi, mayowe ukayasikia kwa sauti ya karibu kuliko ya jirani yako, halafu hapana pa kwenda. Hakuna daftari wala jamvi. Mwili umeshajiandaa kunyanyuka, ukabaki kitini. Ndipo watu wanapoandika "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun" chini ya klipu, wanaweka picha ya mishumaa kwenye stetasi, wanaisambaza kwa magrupu manane. Wapo wanaowacheka kwamba ni huruma ya bei rahisi. Mimi siwacheki. Naona mikono inayotafuta kazi. Ila kusambaza kuna ubaya wake: kila unayemtumia unampeleka naye kwenye msiba uleule usio na kazi.

Dini ilikwisha kulifikiria jambo la kifo cha mbali kabla ya simu. Mtume (S.A.W.) alipopata habari za kufa kwa Najashi, mfalme wa Uhabeshi, aliwapanga watu safu Madina akamswalia, maiti iko ng'ambo ya bahari. Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, yanaikubali swala hiyo ya ghaibu. Hanafi na Maliki wana maoni mengine, na hilo tuwaachie masheikh. Kinachonivutia ni umbo lake. Takbira nne, dua kwa wafu, salamu, umemaliza. Ina mwanzo na mwisho, inafanywa na watu waliosimama bega kwa bega, na ukitoka umefanya jambo. Wakristo nao wana misa na sala za kuwaombea marehemu, zenye mpangilio na mwisho wake. Klipu haina salamu. Ikiisha inajirudia yenyewe.

Linganisha na Katesh, mkoani Manyara. Tarehe 3 Desemba 2023 tope kutoka Mlima Hanang liliushukia mji na kuua zaidi ya watu 80. Klipu zake zilitisha sawasawa na za Uturuki, lakini uchungu wake ulikuwa na barabara: watu walichanga nguo, unga na fedha, vitu vikapakiwa. Waliofunga mizigo ya khanga walizungumzia Katesh kwa sauti tofauti na ile wanayozungumzia maafa ya ng'ambo. Walikuwa na huzuni, ila hawakuwa wamevurugika.

Kuvurugika kuna kiasi chake. Baada ya mabomu ya mbio za Boston Aprili 2013, watafiti Alison Holman, Dana Rose Garfin na Roxane Cohen Silver waliwahoji Wamarekani zaidi ya 4,600. Waliotazama na kufuatilia habari za tukio hilo kwa saa sita au zaidi kwa siku katika wiki iliyofuata walionyesha dalili nyingi zaidi za msongo kuliko hata watu waliokuwa pale au karibu. Lile lilikuwa shambulio la binadamu, halikuwa tetemeko, lakini njia ni ileile: aliyekuwa pale aliona mara moja, mwenye simu anaona mara arobaini. Kwa watoto wadogo hali ni mbaya zaidi, maana mtoto akiona jengo moja likianguka mara tano anaweza kuamini yameanguka majengo matano. Televisheni inayobaki imewashwa sebuleni siku nzima wakati wa maafa ni kosa ambalo nyumba nyingi hazilioni.

Vipi yule mla kashata? Huenda ni ganzi ya kuona mengi. Huenda aliwahi kumtoa ndugu yake majini, akajifunza kufunga mlango. Huenda ni muuguzi aliyetoka zamu ya usiku. Huenda hajali kweli, wapo. Kwa kumtazama usoni hutajua, na swali lake, "hiyo ni nchi gani", ndilo linalotangulia msaada wowote. Aliyelia hakuuliza.

Swali hilo sasa lina uzito kuliko zamani, kwani klipu yenyewe yaweza kuwa ya uongo. Baada ya kimbunga Helene nchini Marekani mwaka 2024, picha ya mtoto wa kike kwenye boti, amevaa jaketi la kuokolea, analia huku amemkumbatia mtoto wa mbwa, ilisambaa sana. Ilikuwa imetengenezwa na akili mnemba. Walipoambiwa, wapo waliokataa kuifuta, wakisema inawakilisha hali halisi. Hapo ndipo mtu anaona jinsi uchungu wake unavyoweza kupikwa kwa vipimo: mtoto, mnyama, maji, machozi. Kanuni ya Rokia, imekamilishwa na mashine. Na nyuma ya picha za namna hiyo huja namba ya simu ya kuchangia, isiyo ya mtu yeyote aliyefikwa na maafa. Anayetaka kutoa atafute mwenyewe njia ya Msalaba Mwekundu au ya msikiti na kanisa analolijua, asifuate namba iliyokuja na klipu.

Kikoba kimoja cha akina mama wa Makorora kimeweka utaratibu ninaoupenda. Kwenye grupu lao, kila maafa yanaruhusiwa klipu moja tu. Mchango haukusanywi siku ile. Mweka hazina anaandika tarehe, na siku ya arobaini anauliza nani anatoa nini. Kufikia hapo klipu zimeshatoweka na waliofikwa bado wako kwenye mahema. Fedha zinazopatikana huwa chache kuliko ambazo zingetoka siku ya kwanza, wanalijua hilo. Mara ya mwisho nilipouliza, walikuwa wamekwama kwenye ada ya kutuma pesa nje ya nchi, iliyokuwa inatafuna sehemu kubwa ya mchango, na nusu ya akina mama walitaka fedha hiyo iende kwa waliopoteza mashamba kwenye mafuriko ya Rufiji. Nusu nyingine walikataa: walichangia kwa ajili ya watu wa Myanmar, wakasema, na Rufiji itakuwa na daftari lake.